Vitambaa Viwili vya Mgawa Maji

Jina alikuwa nalo, bila shaka. Alibatizwa kama sisi sote. Lakini tangu nipate akili sijasikia mtu akilitaja, hata mkewe, aliyekuwa akimwita "huyu mzee" akiwa amekaa naye meza moja. Kijiji kizima kilimwita Mgawa Maji, na mgeni aliyeuliza jina lake kamili tulimtazama kwa mashaka, kana kwamba amekuja na kesi.

Nimejaribu kuandika habari zake zaidi ya mara moja nikaacha kila nilipofika kwenye vitambaa. Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Naishi Same mjini, mahali ambapo upepo unaweza kung'oa bati la jirani ukalileta mlangoni kwako asubuhi, nawe ukalirudisha bila neno. Lakini nililoliona kwenye simu yangu mwenyewe, ndani ya mchezo nilioutunga kwa mikono yangu, liliniacha mdomo wazi. Mpaka leo sijaufunga vizuri.

Ndiva, kwa asiyetujua, ni bwawa dogo linalojengwa mlimani kwa mawe na udongo, siku hizi kwa saruji. Linakusanya maji ya kijito, kisha lango lake likifunguliwa maji hushuka kwa mifereji hadi mashambani, nyumba baada ya nyumba, kwa zamu. Ya kwetu iko juu ya shule, upande wa milima ya Gonja. Kando ya lango kuna nguzo. Kikifungwa kitambaa chekundu kwenye nguzo, ndiva inajaa, na hakuna ruhusa ya kugusa lango. Kikifungwa cha kijani, mwenye zamu afungue. Mtoto wa kwetu hulijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Na mfungaji wa vitambaa hivyo, utoto wangu wote na ujana wangu wote, alikuwa Mgawa Maji.

Watani wanasema sisi Wapare tukikosa kesi tunaugua. Wanasema Mpare atauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kudai kuku. Sitabisha, nitapoteza muda. Ninachosema ni kwamba mahali penye watu wa namna hiyo, maji hayawezi kugawiwa na mtu mwenye maneno mawili. Alihitajika mtu ambaye akisema "ndiyo" hata adui yake anakunja virago na kwenda nyumbani. Tulikuwa naye.

Ukweli wake ulikuwa mzigo. Kwenye harusi ya binamu yangu, bibi harusi alipopita mezani kuuliza kama wageni wameshiba, watu wote walisema "tumeshiba, Mungu awabariki," naye akasema, "Nyama ilikuwa ngumu, lakini wali ulikuwa mzuri." Mdogo wake wa tumbo moja alipofungua lango nje ya zamu, alimnyima maji msimu mzima, na bado jioni alikwenda kwake kula, akala vizuri, akaaga. Mchungaji mgeni aliwahi kumwomba ampitishie maji kidogo kwa ajili ya bustani ya kanisa. Akamjibu, "Mchungaji, zamu yako ni Alhamisi. Omba mpaka Alhamisi." Mama yangu alikuwa na msemo wake: "Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Basi Mungu ampende yeye, sisi binadamu ametuchosha."

Nami hakunipunguzia. Siku aliyoniuliza kazi yangu ya mjini, nilimwambia natengeneza michezo ya kuchezwa kwenye simu.

"Ya kucheza?"

"Ya kucheza, babu."

"Wanaocheza ni watu wazima?"

"Wengi ni watu wazima."

"Hee," akasema. "Basi njaa imekwisha nchini."

Macho yake yalikuwa sifa nyingine. Tukiwa tumesimama naye ukingoni, ukungu umelala bondeni, angesema ng'ombe yule ng'ambo ni wa fulani, amejua kwa mwendo. Mfereji ukivuja chini kabisa, yeye ndiye wa kwanza kuona udongo umelowa maji, kabla mwenye shamba hajajua. Hakuvaa miwani hata uzeeni. Ndiyo maana nasema hakuna mtu, narudia, hakuna hata mmoja, ambaye angeweza kudhani.

Ingawa sasa nikikaa nikayapanga, mambo yalikuwepo. Mgawa Maji alipika makande kuliko mwanamke yeyote wa kwetu, na hakuona haya. Alikuwa anafukuza watu jikoni ili apike. Lakini huyohuyo alikataa katakata kuchuma nyanya au kahawa. "Hiyo ni kazi ya wanawake," alisema, na mwiko wa makande mkononi! Tulimcheka. Mkewe alichuma, yeye akabeba tenga. Mkewe alikuwa mwanamke mpole, mfupi, mwenye maneno machache, na alimvalisha mumewe vizuri mpaka Jumapili alionekana kama mzee wa mjini. Alipofariki, Mgawa Maji alianza kuja kanisani na soksi moja nyekundu na nyingine ya kijani. Wengine walisema ni uzee, wengine wakasema ni ubahili, soksi haitupwi kwa kupotea mwenzake. Mama yangu alisema ni huzuni. Sote tulikuwa na maelezo.

Kuna jambo jingine. Kabla ya kufunga kitambaa, alikuwa na desturi ya kukisugua pembeni kwa dole gumba, taratibu, akitazama mbali. Kwenye pembe ya kitambaa chekundu kulikuwa na kishikizo cha shati kilichoshonwa. Watoto tulimwigiza: tunasimama kwenye kisiki, tunasugua kanga ya mama, tunakunja uso, tunatangaza, "Lango limefungwa!" Tulidhani ni sala.

Sasa Bibi Namkunda.

Nyumba yake iko chini kabisa ya mfereji. Wakati wa kesi yake hakuwa bibi bado, alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mwenye sauti iliyoshikilia kwaya nzima isianguke. Nami nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, nimekaa miguuni pa mama yangu kwenye nyasi za ndiva siku alipohukumiwa. Alikutwa asubuhi na mapema lango liko wazi, maji yanakwenda kwenye maharage yake, siku ambayo ndiva ilitakiwa kujaa. Alisema alikuta kitambaa cha kijani kwenye nguzo, ndiyo maana akafungua. Hapakuwa na mtu mwingine asubuhi ile. Mgawa Maji alipoona maji yanashuka alikimbia akafunga lango, akafungua kitambaa akakitia mfukoni, akaenda kumwita mwenyekiti.

Siku ya kikao alisimama, akavua kofia, akainua mkono.

"Nilifunga nyekundu," alisema. "Kwa mkono wangu huu. Mungu ananiona."

Namkunda akasema, "Kilikuwa cha kijani, kaka. Nakuapia kilikuwa cha kijani."

Basi. Pima mwenyewe: mtu ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa bibi harusi, na mjane ambaye maharage yake yalikuwa yananyauka. Kikao hakikuchukua muda. Faini yetu ya wizi wa maji ni mbuzi, naye huchinjwa hapohapo kwenye ndiva na kuliwa na wote waliokuja, ili jambo liishe. Mbuzi wa Namkunda alikuwa na mimba. Alichinjwa, akaliwa. Namkunda alinyimwa zamu msimu huo, na msimu uliofuata nyumba yake ikawekwa mkiani, maana yake anapata maji yakibaki. Mlimani kwetu, kiangazi, maji hayabaki.

Jambo halikuisha. Watoto walimtungia wimbo wa maji ya wizi. Aliacha kwaya. Alipoingia kanisani benchi lilikuwa linapata nafasi ghafla, watu wanasogea. Mke wa Mgawa Maji peke yake ndiye aliyeendelea kuketi naye, Jumapili baada ya Jumapili, bega kwa bega, mpaka alipofariki. Watu walimsifu kwa moyo wa huruma. Na Namkunda, kila alipopata mtu wa kumsikiliza, hata muuza chumvi anayepita, alisema sentensi ileile: "Kilikuwa cha kijani." Tukasema ni mkaidi. Tukasema lisemwalo lipo. Jamani, tulisema mengi.

Mchezo wangu ni rahisi hadi unaweza kunicheka. Unafungua kiungo kwenye kivinjari cha simu, hakuna cha kupakua. Vinatokea vigae, safu kwa safu, vyote rangi moja isipokuwa kimoja. Ukikigusa hicho unakwenda raundi inayofuata, na tofauti inapungua: bluu na bluu iliyofifia kidogo, njano na njano yenye ukungu, mpaka unaanza kusugua macho na kumlaumu mtengenezaji. Niliufanya mwepesi makusudi, kwa sababu kwetu juu mtandao unakuja na kuondoka kama mvua za vuli, na nilitaka mama yangu aweze kuucheza akiwa jikoni.

Kilichonitoa jasho ni mwanga wa rangi. Macho ni majanja. Ukimpa mtu chekundu kilichokoza katikati ya kijani kilichopauka, hatafuti rangi, anatafuta giza. Kwa hiyo nilikaa kwenye chumba changu pale Same, feni ikizungusha hewa ya moto, nikasawazisha chekundu na kijani mpaka vikawa na mwanga uleule kabisa, ili mchezaji aongozwe na rangi tupu. Raundi hiyo niliipenda kuliko zote. Niliiweka katikati iwe ya kupumzikia, baada ya zile ngumu. Kigae kimoja chekundu kati ya vya kijani: nani atakikosa?

Krismasi nikapanda nyumbani kama Wapare wote wanavyopanda, nikaanza kuwapa watu simu waujaribu. Mama aliishia raundi za zambarau. Mwalimu mstaafu wa jirani alifika mbali akaanza kujisifu. Mgawa Maji akaingia uani na fimbo yake, soksi zake mbili tofauti zikionekana juu ya viatu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wewe wa michezo. Mmekusanyika nini hapa?"

Nikamkalisha kwenye benchi, nikamwonyesha. Akaikamata simu kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Na akatushangaza. Bluu, akagusa. Njano, akagusa. Zile raundi za giza na mwanga, ambazo mimi mwenyewe niliyezitunga huwa nakosea, alizipita bila kupepesa. Mwalimu mstaafu akaacha kujisifu. Mama akacheka, "Huyo ni Mgawa Maji, mnacheza naye?"

Kisha vikatokea vigae vya kijani na kimoja chekundu. Akatulia.

Nikadhani anapumzisha kidole. Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu, akaigeuza.

"Umeharibika mchezo wako," akasema. "Hapa hujaweka kitu. Vyote sawa."

Nikachungulia. Kigae chekundu kilikuwa palepale, kinawaka.

"Jaribu tena, babu. Angalia katikati."

"Nimeangalia. Mimi sisemi nisichokiona. Vyote sawa."

Mama akainama begani pake. "Si hicho chekundu hapo, mzee? Hicho karibu na dole lako."

Akamwangalia mama kwa hasira, kama mtu anayetaniwa msibani. Niliichukua simu, nikaingia kwenye mipangilio, nikakikoza kile chekundu tu, kidogo, nikamrudishia. Hapohapo akakigusa. "Sasa umeweka," akasema. "Ile ya kwanza ulisahau."

Katika kazi yangu tunajua kwamba wapo watu wa namna hiyo, ambao kwa macho yao nyekundu na kijani havina tofauti. Tunalisoma, tunalikumbuka, tunaweka alama za ziada kwenye kazi za wateja. Sikuwahi kulisoma nikimfikiria mtu anayefunga vitambaa viwili kwenye nguzo, na kwa neno lake mbuzi akachinjwa. Nilitamani simu iwe imeharibika kweli. Nilimtazama mama, naye alikuwa ameshaacha kucheka, mkono uko mdomoni.

Mgawa Maji hakuwa mjinga. Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akaweka simu benchini, akatia mkono mfuko wa koti, akatoa vitambaa vyote viwili, maana sikukuu nguzo ilikuwa tupu na yeye hakuwahi kuviacha nyumbani. Akavitandika juu ya magoti.

"Nionyeshe nyekundu," akaniambia. "Usishike."

Nikanyoosha kidole.

Akasugua pembe kwa dole gumba. Kishikizo kilikuwepo.

"Umejuaje?"

"Naona, babu."

"Kutoka hapo uliposimama?"

"Kutoka hapa. Hata kutoka kule barabarani."

Akamgeukia mwalimu mstaafu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia mama. Mama akasema kwa sauti ndogo, "Tunaona wote, mzee. Siku zote."

Niliwahi kushuhudia watu wakipewa habari za kifo, na uso wake haukuwa tofauti na hizo nyuso. Alikaa, vitambaa magotini, mdomo umefunguka kidogo.

"Mimi nilidhani wote mnashika," akasema. "Nilidhani nyekundu na kijani ni maneno tu, mtu anaambiwa na wenzake akakariri. Nyanya unaibonyeza. Kitambaa unakishika. Kumbe ninyi mnaona!"

Jogoo aliwika nyuma ya nyumba na sote tukashtuka.

"Vile vya zamani," akaendelea, na sasa alikuwa anaongea na magoti yake, "nyekundu ilikuwa kipande cha blanketi, kijani ilikuwa shuka. Hata gizani nisingekosea. Vikachakaa. Kamati ikashusha mtu Same akaleta vipya, kitambaa kimoja, fundi mmoja, pindo moja." Akapitisha dole pindoni. "Mwaka wa Namkunda."

Mama akasema, "Yesu wangu."

"Kishikizo hakikuwepo. Kishikizo alikishona marehemu baada ya kesi. Nilikikuta tu siku moja. Nikamuuliza cha nini, akasema, 'Kitakusaidia mvua ikinyesha.' Sikumuuliza zaidi."

Hapo ndipo nilipoelewa kabisa. Yule mwanamke mpole alijua. Alichuma nyanya maisha yake yote ili mumewe asichume mbichi, alimpangia soksi, akashona kishikizo, akanyamaza. Na kila Jumapili alikwenda kuketi bega kwa bega na Namkunda. Nimewaza sana alikuwa anamwambia nini moyoni pale benchini, na mpaka leo sijui kama namhurumia au namkasirikia.

Mgawa Maji aliinuka. Aliacha fimbo yake, ikabidi mama amkimbilie nayo.

Nilishuka Same kazini, lakini kazi haikwenda. Nilifungua ile raundi niliyojivunia nikaweka alama ndogo ya mviringo katika pembe ya kila kigae chekundu, nikaitazama, nikafunga kompyuta. Mama alipiga simu kunipa habari: Mgawa Maji hali chakula, hatoki, vitambaa anavifunga mwanawe. Na palikuwa na jambo kubwa zaidi. Ndiva yetu ilikuwa imekarabatiwa kwa saruji, na Jumamosi ingepigwa mbiu ya msaragambo, kazi ya wote, kuzibua mifereji na kupitisha orodha mpya ya zamu. Nyumba ya Bibi Namkunda ilikuwa mkiani kama kawaida. Safari hii mkia ulikuwa mrefu zaidi, kwa sababu nyumba zimeongezeka, na mwaka ulikuwa wa ukame. Tangawizi yake, ndiyo tegemeo lake uzeeni, ilikuwa imeanza kujikunja. Na siku hiyohiyo kamati ilitaka kumstaafisha Mgawa Maji kwa heshima, kwa blanketi jipya na hotuba juu ya ukweli wake.

"Atakaa kimya?" nikamuuliza mama.

"Sijui," mama akasema. "Ni mzee. Ukimwambia mtu avue jina lake lote siku anayopambwa, mwanangu, si jambo dogo."

Nikapanda basi la Jumamosi asubuhi.

Watu walikuwa wameshachafuka tope wanapumzika nilipofika ndiva. Mwenyekiti alikuwa anahutubia. Alieleza habari za mdogo mtu aliyenyimwa maji, za mchungaji na Alhamisi, watu wakacheka, wakapiga makofi. Bibi Namkunda alikuwa chini kabisa, mbali na ukuta, amekaa juu ya jembe lake peke yake. Alikuwa amekuja kazini kama kila mtu. Kazi hakuwahi kunyimwa.

Blanketi likaletwa, limekunjwa. Mgawa Maji akasimama, akavua kofia. Hakupokea.

"Namkunda," akaita. "Dada yangu. Njoo hapa."

Makofi yalikatika. Bibi akaja polepole, huku akijifuta mikono kwenye kanga, uso umekaza, kama mtu anayeitwa kuhukumiwa mara ya pili. Mgawa Maji akatoa vitambaa, alivyovichukua kwa mwanawe. Niliona kishikizo kimekatwa na uzi wake umenyofolewa wote. Akavichanganya nyuma ya mgongo wake, akavinyanyua juu, kimoja kila mkono.

"Nyekundu ni ipi?"

Namkunda akanyoosha kidole. "Ya kushoto."

"Mimi siijui," Mgawa Maji akasema. Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa sauti ileile ya kikao cha zamani. "Sikuwahi kuijua. Macho yangu hayatofautishi hizi mbili, na nimelijua hilo Krismasi hii, kwenye simu ya mtoto wa hapa jirani. Asubuhi ile nilifunga kitambaa nikaapa ni nyekundu. Sikuona nyekundu. Nilishika kitambaa kipya nikadhani. Namkunda alisema kweli, na mimi nilimwapia Mungu uongo mbele yenu wote."

Mwenyekiti alikuwa bado ameshika blanketi, mikono imenyooka mbele. Mwanamke mmoja akaanza kulia na mwingine akamnyamazisha kwa kiwiko.

Bibi Namkunda hakulia. Alizungusha macho, akatutazama sote.

"Mbuzi wangu mlimla," akasema.

Mgawa Maji akalichukua lile blanketi kwa mwenyekiti, akamnyooshea Namkunda. "Dada, hili..."

"Blanketi lako sitaki." Akanyoosha mkono. "Lete vitambaa."

Akampa vyote viwili. Akavitazama, akachagua, akaenda kwenye nguzo ambayo hakuisogelea tangu siku ya kesi, akafunga. Alikaza fundo kwa meno. Kisha akashuka kwenye lango, akalifungua kwa mikono yake, mchana kweupe, mbele ya mwenyekiti na orodha yake. Mtu mmoja nyuma akaguna, "Lakini zamu si..." akakosa wa kumwitikia. Maji yakaingia mferejini.

Mgawa Maji alikuwa amebaki karibu na nguzo. Dole gumba lake lilipanda lenyewe hadi pembe ya kitambaa, likasugua, likakuta pindo tupu. Akageuka akanitafuta kwa macho, nami nikamsogelea.

"Amefunga ipi?" akaninong'oneza.

"Kijani, babu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akavaa kofia, akaivua tena. Akainua mkono ule ule.

"Ni kijani!" akapaza sauti, mpaka wa bondeni wakasikia. "Namkunda amekuta kijani. Maji ni yake."